Sakafu Upande wa Mama Mkwe

Pikapu yangu ilikuwa na sehemu tatu nzuri: injini, honi na upande wa kiti anaokalia dereva. Kwingine kote kulikuwa na kutu. Leo nalisema hili waziwazi kwa sababu yamekwisha, lakini wakati ule ungetamka neno kutu mbele yangu tungekosana. Mimi nilikuwa nasema rangi imechoka kidogo.

Kazi yangu ni kuhamisha watu. Mwisho wa mwezi, mtu wa mtaa wa Kware akitaka kutoka ghorofa ya sita ya jengo moja kwenda ghorofa ya tatu ya jengo linalotazamana nalo, ananipigia simu. Tunapakia kitanda, godoro, mtungi wa gesi na lile kabati ambalo halikutengenezwa kupita mlango wowote, tunakwenda hatua mia mbili, tunapakua. Kwa hiyo pikapu haikuwa inapumzika, na mvua ilikuwa ikiinyeshea kila inapotaka. Maji yalipenya kwenye raba ya kioo cha mbele, yakateremka nyuma ya dashibodi na kutulia chini ya zulia upande wa abiria. Nilijua. Kila mvua ikikatika nilikuwa natoa zulia, nalianika kwenye ukuta wa nyumba yetu mtaani Jericho, nalirudisha likiwa kavu, kisha najiona mtu mwangalifu sana. Maji yaliyobaki kwenye chuma sikuyauliza yanafanya nini huko.

Majibu yalikuja siku mteja mmoja aliyekaa upande ule alipomaliza mahindi yake ya kuchoma na kuangusha gunzi kati ya miguu. Gunzi halikuonekana tena. Aliinama akatafuta, akaniuliza kama gari hili lina pipa la taka huko chini. Nikamwambia ndiyo.

Tangu siku hiyo nilijiwekea utaratibu. Kila abiria niliyempakia kwenye kabini nilimwambia, "Sogea huku karibu yangu, hapo kuna shida kidogo." Katikati ya kiti sakafu ilikuwa bado ngumu. Watu walisogea bila maswali. Nimesogeza walimu, nimesogeza mchungaji mwenye Biblia kubwa, nimesogeza kina mama na watoto wao mgongoni. Utaratibu ulifanya kazi vizuri hata nikaanza kuamini kwamba tatizo nimelimaliza.

Mke wangu hakuamini. Yeye hapigi kelele; hasira yake huja kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo inayonitisha. Alikuwa akisema gari hilo litakuja kumtupa mtu barabarani, na kwamba watu wanaonunua vyuma vikuukuu hupita kila Jumanne, haina haja hata ya kuwatafuta. Tulibishana hivyo kwa miezi. Halafu tukapata mtoto wa tatu, na mama wa mke wangu akatuma habari kwamba anakuja kutoka kwao upande wa magharibi kumwona mjukuu.

Jioni hiyo mke wangu aliweka sharti. Mimi ndiye nitakayemchukua mama yake kutoka kituo cha mabasi mjini, kwa pikapu ileile. Mama akifika Jericho bila neno la malalamiko, yeye hatalitaja tena gari langu mpaka afe. Akilalamika hata kidogo, Jumanne ijayo linakwenda kwa watu wa vyuma. Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Pikapu ile ndiyo iliyotulisha, na zaidi ya hapo nilikuwa naipenda. Sikuwa tayari kuiona ikikatwa vipande na kupakiwa juu ya mkokoteni.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa fundi wa bodi, karibu na soko. Fundi huyu ni kijana mtaratibu, haongei mpaka aguse. Aliinua zulia, akachukua bisibisi na kugonga sakafu kidogo tu. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

"Buda, hapa hakuna chuma," akasema. "Hapa ni rangi imeshikana na rangi ingine."

Akanieleza kwamba dawa ni moja: kung'oa kiti, kukata sakafu yote ya upande ule, kuchomelea bati jipya. Siku nne. Mimi nilikuwa na siku moja. Nikamwomba anipake puti. Alinitazama kwa huruma, akasema puti ni ya kuziba mkwaruzo mlangoni, haijatengenezwa kukanyagwa na mtu. Nikamwambia hakuna atakayekanyaga, kwani mke wangu ndiye atakayekuwa ametangulia kukaa na atajua pa kuweka miguu yake na ya mamake. Huo ulikuwa uongo, maana mke wangu hakujua shimo limefika wapi, lakini fundi hakuwa na njia ya kujua. Akatandika kipande cha gunia, akamwaga puti juu yake, akapiga msasa, akapaka rangi nyeusi. Nikanunua raba mpya ya kutandika. Nilipomaliza kuipangusa, sakafu ilionekana mpya kabisa, na mimi nikarudi nyumbani nikipiga honi bila sababu.

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwa asiyetoka kwetu. Kwa watu wetu, mtu na mama mkwe wake wana mpaka. Hawapeani mikono. Hawali meza moja. Mama mkwe halali nyumbani kwako. Mama mkwe wangu alikuwa analala kwa mdogo wake, milango michache kutoka kwetu, na kuja mchana tu. Wala hamkai bega kwa bega kiti kimoja, labda awepo mtu katikati. Katikati angekaa mke wangu, kama tulivyopanga. Lakini asubuhi ya siku ya kumpokea, mtoto alikuwa amepigwa sindano ya kliniki na kufika mchana alikuwa anachemka na kulia. Mke wangu akanitazama akiwa amembeba, akasema niende peke yangu, mama atajua mwenyewe namna ya kukaa.

Mama mkwe wangu alifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi mpaka akastaafu. Ni mrefu, mkavu, na ana namna ya kukutazama kana kwamba umeficha kitu mdomoni na anasubiri ukiteme. Nilimkuta kituoni kando ya mzigo wake. Tukasalimiana kwa mbali, mikono yangu nyuma, macho yangu kwenye viatu vyake. Vilikuwa viatu vyeusi vya kamba, vya safari. Aliichungulia kabini, akaona kiti ni kimoja kirefu, akaamua haraka kama mtu anayepanga madawati. Gunia la viazi vitamu likawekwa wima katikati, kati yake na mimi. Yeye akapanda na kukaa pembeni kabisa, amejibana kwenye mlango, miguu yote miwili juu ya puti.

Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Maneno yangu ya kila siku, sogea huku karibu yangu, yalikuwa mdomoni tayari. Nitamwambia nani? Mama wa mke wangu, asogee karibu yangu? Nikafikiria kumwambia ainue miguu kidogo, na hilo likawa baya zaidi, kwa sababu mwanamume wa kwetu hana mdomo wa kutaja miguu ya mama mkwe wake, si kwa wema wala kwa ubaya. Nilipiga hesabu zote nikiwa nimeshika ufunguo. Sikupata sentensi hata moja yenye heshima ambayo ingemtoa pale. Nikawasha gari.

Niliingia Jogoo Road kwa mwendo ambao hata wenye mikokoteni walinishangaa. Kila tuta nililipanda kama mtu anayebeba mayai. Mabasi yalinipigia honi, mwendesha boda akanipita akitikisa kichwa. Mama mkwe alitazama mbele. Baada ya muda aliuliza, akilielekezea swali lile gunia, kama gari lina shida. Nikaliambia gunia kwamba hapana, tunaheshimu barabara tu.

Tulifika karibu na mahakama za Makadara salama. Nilikuwa nimeanza hata kuhesabu matuta yaliyobaki mpaka Jericho wakati mtu wa boda alipochomoka mbele yangu na kukata kona bila kuangalia. Nikakanyaga breki. Na mama mkwe wangu, kama kila mtu ambaye haendeshi, akakanyaga yake.

Mguu wake wa kushoto ulipita. Ulipita kwenye raba, kwenye puti, kwenye gunia la fundi, mpaka gotini, na gari lilikuwa bado linajongea. Sikufikiri. Nililiruka gunia kwa nusu ya mwili, nikaudaka mguu chini ya goti kwa mkono wangu wa kushoto, nikauvuta juu kwa nguvu zote huku mkono mwingine umeng'ang'ania usukani. Gari likasimama. Mimi nikabaki nimeshika mguu wa mama mkwe wangu mbele ya lango la mahakama, mchana kweupe, watu wanapita.

Nikauachia. Nikarudi kwenye kiti changu, nikatazama mbele. Kwenye kioo cha kando nilikiona kiatu cheusi cha kamba kimelala katikati ya njia, na nikaliona basi likikipita juu.

Yeye alishusha sketi yake, akaitengeneza. Akainama akatazama lami kupitia lile tundu, akaitazama kwa muda mrefu, jinsi anavyoweza kutazama daftari la mtoto aliyenakili. Mguu haukuwa na kidonda, soksi tu ndiyo ilichanika. Nilisubiri anitukane. Nilitamani hata anitukane.

"Hukunishika," akasema mwishowe. "Kilichonishika ni mlango."

"Ndiyo, Mama."

"Ulijua hapa kuna tundu?"

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo," akarudia polepole, kana kwamba ananiandikia alama. Kisha akafungua mkoba, akatoa viatu vyake vya Jumapili vilivyofungwa kwenye mfuko, akavaa, akapandisha miguu yote miwili juu ya gunia la viazi. Tukaenda hivyo mpaka Jericho. Hakuna aliyesema neno tena, hata kwa gunia.

Mke wangu alikuwa anatungoja mlangoni na mtoto. Niliwahi kushuka, nikasimama kwenye mlango wa abiria ili asichungulie ndani. Alimkumbatia mama yake, akamuuliza safari ilikuwaje.

"Nimefika, mwanangu," akajibu. "Tumshukuru Mungu."

Nililipekua jibu lile neno kwa neno, nikitafuta malalamiko. Hayakuwemo. Mke wangu akanitazama, akainua mabega, akasema basi, gari lako linabaki. Nikapakua viazi nikiimba.

Siku tatu zilizofuata nilikuwa mtu asiyevumilika. Niliwaambia majirani kwamba pikapu yangu imepita mtihani wa mwalimu. Nilimkumbusha mke wangu ahadi yake wakati wa chai ya asubuhi, chakula cha mchana na chakula cha jioni. Niliomba chapati za ushindi, nikapikiwa, tena laini, na nikaletewa za kuongeza bila kuomba. Kutoka jikoni nilikuwa nawasikia yeye na mama yake wakicheka, wakicheka mpaka mmoja anakohoa, na kila nilipopita mlangoni walinyamaza na kuniuliza kama nimeshiba. Nikadhani ni furaha ya mtoto mpya. Tundu nilikuwa nimelifunika kwa ubao na raba, nikaendelea na kazi, abiria wote karibu yangu.

Siku ya nne nilikuwa na nafasi. Nilinunua kopo jingine la puti, nikaegesha gari nyuma ya soko, nikainua raba ili nizibe yaishe. Nilitaka kwanza kusafisha ukingo wa tundu. Nikaugusa kwa vidole, ukamong'onyoka. Nikagusa mbele kidogo, nako kukamong'onyoka, na kila nilipoifuata kutu ilikuwa imeshatangulia. Iliniongoza mpaka chini ya kiti. Nikakishika kiti upande wa mlango kwa mkono mmoja, nikakivuta juu. Mguu wake wa mbele ulitoka kwenye sakafu pamoja na bolti yake, bila kubishana, umevaa kikombe kidogo cha kutu.

Niliogopa. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo. Nilikaa chini kando ya gurudumu, bolti mkononi, nikakiona kile kiatu kikipitiwa na basi, ila sasa hakikuwa kiatu kitupu. Yule mama alikuwa amekalia bolti moja kutoka mjini mpaka Jericho. Kama ningekwenda mwendo wangu wa kawaida siku ile, ningerudi kwa mke wangu nikamwambie nini? Na mimi nilikuwa nimemkalisha pale nikijua, kidogo kama nilivyosema, kwa sababu sikutaka kuliuza gari na sikuwa na ujasiri wa kumkosea adabu. Nikalifunika kopo la puti na kurudi nyumbani kwa miguu.

Mke wangu alikuwa uani akimwogesha mtoto kwenye beseni. Mama yake alikuwa ameenda kwa mdogo wake. Nikasimama mbele yake nikasema yote kwa mkupuo mmoja, kwamba sakafu ilitoboka, kwamba mama yake alitumbukiza mguu, kwamba nilimpakia nikijua, kwamba kiti chenyewe hakina pa kushika. Aliendelea kumsuuza mtoto povu la sabuni, polepole, nyuma ya masikio.

"Najua," akasema. "Mama aliniambia kabla chai haijachemka."

Nilimwuliza kwa nini basi hakusema kitu.

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Kumbe chapati zote zile nilikuwa nakula hukumu. Alikuwa ameshajua kila kitu: kiatu, basi, viatu vya Jumapili, miguu juu ya viazi. Alijua hata lile neno langu la "kidogo". Ndilo walilokuwa wanalichekea jikoni, mmoja anauliza chumvi imetosha, mwingine anajibu kwa sauti yangu. Ni yeye aliyetaka kunivaa siku ileile, na ni mama yake aliyemzuia, akisema mtoto aliyenakili hupewa wiki moja, asipokuja mwenyewe ndipo unaita mzazi. Alinisomea habari yote mpaka mwisho. Nikangoja afike kwenye mkono wangu na mguu wa mama yake. Hakufika. Nikaelewa kwamba huko hakuambiwa, na mimi, pamoja na unyoofu wangu wote mpya, nikanyamaza.

Nikamwambia nimeshindwa, Jumanne gari litakwenda.

"Mama anarudi nyumbani Jumamosi," akasema. "Amesema atapelekwa kituoni na pikapu hiyohiyo, la sivyo haendi. Kwa hivyo lipeleke kwa fundi likatwe sakafu, na usirudi hapa na rangi."

Fundi aliponiona na ile bolti alichukua spana. Aling'oa kiti, akashusha mashine ya kukata, na cheche zikaruka mpaka njiani. Alipoacha, upande wote wa abiria ulikuwa wazi, unaona ardhi na kuku wa jirani akipita. Nilikuwa pale siku zote, nikikataa simu za wateja wa Kware, nikishika bati anapochomelea, nikipiga brashi anapomaliza. Alitia raba mpya ya kioo cha mbele, akamwaga ndoo nzima ya maji juu yake, tukakaa ndani tukingoja tone. Akapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akauliza kama aweke nyeusi juu yake ipendeze. Nikamwambia aiache vilevile, bila raba, bila zulia, kila mtu aione.

Ijumaa nikapita sokoni nikachagua leso nzuri ya kujifunga, nikampa mke wangu ampe mama yake kwa ajili ya safari. Kwetu mkwe akigusana na mkwe lazima kitu kitolewe, na hicho ndicho nilichoona kinafaa. Mke wangu alishangaa. Hajawahi kuniona nikinunua leso. Aliniambia baadaye kwamba mama yake aliipokea, akaikunjua, akaikunja, akasema, "Mwambie imefika."

Jumamosi mke wangu alipanda kwanza na mtoto, akakaa katikati. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, nikingoja kusikia mama mkwe atasema nini. Nilitegemea ainame akague. Nilitegemea agonge kwa kisigino, au angalau aniulize tena lile swali la Makadara. Alikuja amejifunga leso kiunoni, akashika mlango, akawa anamwambia mke wangu habari za migomba yake. Akapanda huku akizungumza, akaikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, uzito wake wote, wala hakuangalia chini. Mimi ndiye niliyeangalia, mpaka kituoni.